Nyumbani na Kambini: Tetesi za Usajili Ukingoni mwa Ziwa George

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji kilichoko ukingoni mwa Ziwa George, wilayani Kasese, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mchana mazungumzo ya huko ni ya ngege na kamongo, nyavu zilizotatuka na ng'ombe waliopotea. Jua likishatua upande wa Kongo, viboko hutoka majini kwenda malishoni, na watu nao husogea penye taa, katika vibanda vya video ambako mpira wa ng'ambo huonyeshwa kwa kiingilio kidogo. Hapo ndipo mazungumzo yanapogeuka. Cha ajabu ni kwamba mara nyingi hayahusu mchezo uliokwisha kuchezwa wala utakaochezwa kesho. Yanahusu mchezaji ambaye hajafika: atanunuliwa na nani, kwa bei gani, na nani atatolewa ili yeye apatikane.

Msimu wa usajili ukifunguliwa, kila mtu kijijini huwa meneja. Mvuvi aliyeshindwa kununua injini ya mtumbwi wake huwatengea Arsenal mamilioni ya pauni. Mwendesha boda boda huwabadilisha mabeki wawili wa Manchester United kwa kiungo mmoja, akaongeza na mlinda mlango ili biashara ikubalike. Askari aliye likizo, akiheshimiwa kwa sababu ametembea, huulizwa mwisho kabisa: "Afande, wewe unaonaje?" Naye, asiyejua zaidi ya wenzake, hukohoa kidogo kisha akatoa amri kwamba mtu wa kuchukuliwa ni namba kumi, mchezeshaji, yule anayeupokea mpira katikati na kuugawa kwa akili. Wote hukubaliana naye juu ya hilo. Timu yoyote inayofungwa, dawa yake ni kupata mchezeshaji. Hakuna anayeuliza kama wale mabeki wawili waliobadilishwa wanataka kuhama, au wake zao watahamia wapi na watoto watasoma shule gani.

Mapenzi hayo si ya Hamukungu peke yake. Askari polisi wanaosoma ukurasa huu watakumbuka yaliyotokea Jinja Januari 2023, Arsenal ilipoifunga Manchester United mabao 3 kwa 2. Kesho yake mashabiki walijitokeza barabarani wakiwa wamevaa jezi na kubeba kikombe cha bandia, wakishangilia ubingwa ambao bado ulikuwa mbali, nao polisi wakawakamata wanane kwa kufanya maandamano bila ya taarifa. Msimu huo ulipokwisha, ubingwa ulikwenda Manchester City, na Arsenal ikawa ya pili.

Katika vibanda vya Kasese mna makundi matatu. La kwanza, na kubwa kuliko yote, ni hilo la vilabu vya Uingereza. La pili liko zaidi upande wa Bwera na Mpondwe, mpakani, ambako wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kasindi hurudi na habari za TP Mazembe ya Lubumbashi kama wanavyorudi na vitenge. Hao hupenda kukumbusha kwamba Mbwana Samatta, Mtanzania, alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 akapita Mazembe, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani mwaka 2015, ndipo Ulaya ikamfungulia mlango. Kundi la kwanza huwajibu kwa Denis Onyango wetu, aliyeitwaa tuzo hiyohiyo mwaka 2016 akiwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Hapo ubishi husimama kwa muda, kwa kuwa wote wawili ni watoto wa Afrika Mashariki.

Kundi la tatu ni la wale wanaofuatilia Waganda walioko Dar es Salaam. Hilo ndilo lenye kumbukumbu kali zaidi, na jina linalozusha ubishi mrefu kuliko yote ni la Emmanuel Okwi.

Kisa cha Okwi kinafaa kusimuliwa polepole, maana ndani yake mna karibu kila kitu ambacho shabiki hukisahau anapogawa wachezaji kibandani. Okwi alikuwa mshambuliaji wa SC Villa ya Kampala. Mwaka 2010 alikwenda Simba ya Dar es Salaam. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0, na mawili kati ya hayo yalikuwa yake. Tangu siku hiyo, kwa mashabiki wa jezi nyekundu, Okwi hakuwa tena mgeni kutoka Uganda. Alikuwa mtoto wa nyumbani.

Januari 2013 Simba ilimwuza kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Vibandani iliandikwa kwamba kazi imekwisha: mchezaji amekwenda, fedha zimekuja, Simba itanunua watatu wengine. Lakini uhamisho wa mchezaji haufanani na kuuza ng'ombe mnadani, ambako mnunuzi hutoa fedha, hushika kamba na kuondoka. Uhamisho una karatasi kadhaa, na kila karatasi ina mwenyewe. Kuna mkataba wa vilabu viwili juu ya ada. Kuna mkataba wa mchezaji na klabu mpya juu ya mshahara wake. Kuna na hati ya uhamisho wa kimataifa, inayotolewa na chama cha nchi moja kwa chama cha nchi nyingine, na bila hati hiyo mchezaji hawezi kuvaa jezi hata akiwa amekwisha kulala katika hoteli ya klabu. Karatasi moja ikikwama, zote hukwama.

Ndivyo ilivyokuwa. Ada haikulipwa kwa wakati. Mchezaji na klabu yake mpya wakahitilafiana juu ya mshahara. Mashauri yakafikishwa FIFA, na wakati mashauri yakingoja, mshambuliaji aliyekuwa katika umri wake mzuri wa kucheza alikaa bila uwanja. Hatimaye alipewa ruhusa ya muda kurudi SC Villa ili asipoteze miguu yake. Kisha, Desemba 2013, likatokea jambo ambalo mashabiki wa Simba hawakulitabiri hata katika zile ndoto zao za vibandani: Okwi akasajiliwa na Yanga.

Ukelele uliopigwa unaweza kukisiwa. Wengine waliomshangilia kwa mabao yale mawili walimwita msaliti. Shirikisho la Tanzania likalazimika kuiuliza FIFA kama anaruhusiwa kucheza, na hapo mashabiki wa Yanga nao wakaingia katika kungoja. Akaruhusiwa, akacheza. Mwaka 2014 haujaisha akawa amerudi Simba. Mwaka 2015 akaenda SønderjyskE ya Denmark, akarudi Villa mwaka 2017, na mwaka huohuo akavaa tena jezi nyekundu. Katika mchezo wa kwanza wa ligi dhidi ya Ruvu Shooting, Simba ilishinda mabao 7 kwa 0 na Okwi alifunga manne. Msimu huo wa 2017/18 alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 20, na Simba ikawa bingwa. Wale waliomwita msaliti walikuwa wa kwanza kuimba.

Sasa jiulize, msomaji, katika miaka ile yote shabiki alikuwa anajua nini? Alijua jezi aliyovaa mchezaji. Hakujua mshahara umelipwa mwezi gani na haujalipwa mwezi gani. Askari wanaelewa jambo hili kuliko raia wengi, maana wamezoea kuhamishwa. Amri ya uhamisho ikitoka, jirani huona lori limepakia godoro na masufuria, akasema fulani amepanda cheo au fulani ameadhibiwa. Mke ndiye anayejua kwamba kodi ya chumba cha zamani haijalipwa, na kwamba mtoto wa darasa la saba amebakiza muhula mmoja kabla ya mtihani.

Huko Marekani kuna mpira wa namna nyingine, unaochezwa kwa mikono kuliko kwa miguu, na mashabiki wake wana ugonjwa uleule. Mchezeshaji wao huitwa kwotabeki, na bila yeye timu haiendi. Vijana wapya hawanunuliwi ovyo. Kila mwaka vilabu huwachagua kwa zamu, na klabu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo huchagua kwanza, ili mnyonge apate nafuu. Lakini zamu zenyewe zaweza kubadilishwa kama bidhaa, hata zamu za miaka ambayo haijafika. Basi kila mwaka kabla ya uchaguzi mashabiki hukaa na kupiga hesabu: tutoe zamu ngapi ili tusogee juu na kumpata fulani?

Mwaka 2012 klabu ya mji wa Washington ilimtaka kijana aitwaye Robert Griffin. Ili isogee hadi nafasi ya pili, iliipa klabu ya St. Louis zamu zake za kwanza za mwaka 2012, 2013 na 2014, pamoja na zamu ya pili ya mwaka 2012. Ni kama mvuvi anayechukua fedha za mchuuzi leo na kuahidi samaki wa misimu mitatu. Mwaka wa kwanza kijana aling'ara na timu ikaongoza kundi lake. Januari 2013 akaumia goti vibaya, na hakurudi tena kuwa yule aliyenunuliwa. Klabu ikabaki na goti bovu na misimu miwili isiyo na zamu ya kwanza. La kuchekesha ni kwamba katika uchaguzi uleule, katika raundi ya nne, wakati watazamaji wengi walikuwa wamekwisha zima televisheni, Washington ilimchukua kwotabeki mwingine, Kirk Cousins, kwa zamu ya kawaida kabisa. Huyo ndiye aliyekuja kuiongoza timu yao tangu mwaka 2015 hadi 2017.

Hapa Uganda zamani mambo hayakwenda kwa zamu wala kwa ada kubwa. Usajili ulikuwa ajira. Vilabu vingi vilivyotawala vilikuwa vya taasisi: jeshi, polisi, magereza, Baraza la Jiji la Kampala, benki, kahawa. Kijana mwenye miguu mizuri aliitwa, akaandikwa kazini, akapewa namba, mshahara na pahali pa kulala, na alasiri akaenda mazoezini. Magereza walikuwa mabingwa wa ligi ilipoanza mwaka 1968, na wakarudia mwaka 1969. Simba, timu ya jeshi, ilichukua ubingwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Ilifungwa na Hafia ya Guinea mabao 4 kwa 2 huko Conakry na 3 kwa 2 hapa Kampala. Bado kufika pale kulikuwa ni jambo kubwa, na wazee waliokuwa makambini wakati huo hawakubali lisahauliwe. Polisi nao walisubiri sana, lakini walipata ubingwa wa ligi mwaka 2005 na kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 2006.

Mpango ule wa zamani ulikuwa na kasoro zake. Mchezaji hakuweza kutajirika, wala kuondoka apendapo. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo akina mama wa kota walilithamini: miguu ilipochoka, kazi ilibaki. Aliyevunjika mfupa uwanjani Jumamosi alikuwa bado koplo siku ya Jumatatu. Mchezaji wa leo mwenye mkataba wa miaka miwili hana hakika hiyo, hata kama mshahara wake wa mwezi unazidi ule wa mwaka mzima wa koplo wa zamani.

Yote haya yangekuwa ni burudani tu kama yasingeingia ndani ya nyumba. Huingia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kamari, na haihitaji maneno mengi. Anayeamini kwamba anajua nani atasajiliwa huamini pia kwamba anajua nani atashinda. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Sheria hiyo hairudishi mshahara wa mwenye miaka 26. Askari wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, na polisi wana Exodus. Mkopo uliochukuliwa huko kwa ajili ya mabati na ukaishia kwenye tiketi za mpira hukatwa mwezi kwa mwezi kama kawaida, Arsenal ishinde, isishinde.

Ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu huja imevaa sura ya baraka. Chukua mfano wa nyumba moja. Haina jina, kwa kuwa nyumba za namna hiyo ni nyingi. Baba ni sajini, yuko kikazi mbali na nyumbani. Mama anabaki na watoto karibu na ziwa, anauza samaki waliokaushwa na kutunza ng'ombe wanne wa ukoo. Mtoto wa pili ana miaka 16, na kila mtu husema ana mguu wa dhahabu. Anachezea timu ya kijiji katika uwanja ambao nyati huupitia usiku. Wazee wa kibandani wamekwisha mpangia vilabu vitatu.

Siku moja anatokea mgeni kutoka mjini, amevaa viatu vyeupe, ana picha katika simu akiwa amesimama na watu wanene. Anasema yeye ni wakala. Amemwona kijana akicheza na ana nafasi ya majaribio katika nchi ya Ghuba. Kinachotakiwa ni fedha za pasipoti, viza, tiketi na vipimo vya daktari. Anataja kiasi, na kiasi hicho, kwa bahati, kinalingana na bei ya ng'ombe wawili hivi. Anaongeza kwamba dirisha la usajili linafungwa wiki ijayo.

"Mama, nafasi kama hii hairudi," anasema. "Mtoto akifika huko, atakujengea nyumba ya ghorofa."

Mama huyo hakusoma sana. Anayo lakini maswali matatu, na majibu yake yote yamo katika kanuni za FIFA, ingawa yeye hazijui. La kwanza: kama klabu inamtaka mwanangu, kwa nini nilipe mimi? Klabu ya kweli inayomtaka mchezaji ndiyo hutoa fedha. Mzazi hatozwi ili mtoto wake apendwe. La pili: mtoto wa miaka 16 ataishi na nani huko? Kanuni zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa mambo yasiyohusiana na mpira, na Ghuba si mtaa wa pili. La tatu: wewe umetumwa na nani? Tangu mwaka 2023 wakala wa wachezaji lazima awe amefanya mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na hawezi kumfuata mtoto bila ya idhini ya maandishi ya mzazi. Picha iliyo katika simu haichukui nafasi ya leseni.

Usiku ule mama anampigia mumewe. Mtandao wa simu karibu na ziwa huja na kuondoka, kwa hiyo mazungumzo yanakatika mara mbili.

"Baba watoto, kuna mtu hapa anataka ng'ombe wawili ili ampeleke mtoto ng'ambo."

"Nani huyo?"

"Anasema ni wakala."

Sajini ananyamaza. Ni rahisi kumlaumu kwa kunyamaza huko, lakini yeye naye ni shabiki. Miaka mingi amekaa vibandani akiwapangia watoto wa watu safari za Ulaya kwa maneno matupu, na sasa safari imegonga mlango wake mwenyewe. Ng'ombe wawili kati ya wanne ni nusu ya mali yake yote. Ni zamu zake za kwanza za miaka mitatu, kama angekuwa Washington. Na kama ni kweli? Hilo ndilo swali linalomwumiza baba yeyote. Mbona Okwi alitoka? Mbona Majid Musisi alitoka SC Villa mwaka 1992 akaenda Rennes ya Ufaransa? Mbona Ibrahim Sekagya alicheza Argentina, kisha Austria, kisha Marekani? Wote walikuwa watoto wa mtu fulani.

Walikuwa watoto wa mtu fulani, ndiyo. Ila Okwi na Musisi waliondoka wakitokea klabu inayojulikana, yenye jina katika daftari la chama, na klabu mpya iliandikiana na klabu ya zamani. Hapa ndipo penye jambo ambalo katika vibanda halizungumzwi kabisa, nalo ndilo lenye fedha ya kweli kwa kijiji.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa vilabu vyote vilivyomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu iliyokuwa naye hupata robo ya asilimia moja ya ada. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, hupata nusu ya asilimia. Piga hesabu kwa bei kama ile ya dola 300,000. Asilimia 5 ni dola 15,000. Klabu iliyokuwa na mchezaji alipokuwa na miaka 14, 15, 16 na 17 ingestahili dola 750 mara mbili na dola 1,500 mara mbili, jumla dola 4,500. Kwa timu ya kijiji hizo ni jezi, mipira, ukarabati wa uwanja, na pengine karo za wachezaji kadhaa. Novemba 2022 FIFA ilifungua ofisi maalumu ya malipo hayo huko Paris, ili fedha zisipotee njiani.

Fedha hizo huifuata karatasi. Timu isiyoandikishwa kwa utaratibu wa FUFA haionekani katika hesabu, hata kama ilimlea mchezaji tangu akiwa hana viatu. Mchezaji asiye na kadi ya usajili anahesabiwa kama aliyeanguka kutoka mawinguni. Na mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina mwaka mmoja, kadi ya shule mwaka mwingine, na kadi ya kliniki mwaka wa tatu, atashukiwa kudanganya umri, na milango itamfungia kabla mguu wake wa dhahabu haujaonekana. Katika nyumba za askari, ambazo huhama kila baada ya miaka michache, karatasi hizo ndizo za kwanza kupotea. Godoro halisahauliki. Bahasha husahaulika.

Simu inarudi hewani.

"Mama watoto, ng'ombe wasitoke," anasema sajini. "Mwambie huyo mtu aniletee mimi barua ya klabu na leseni yake, hapa kambini. Nitamngoja langoni."

"Nimekwisha kumwambia. Ameondoka na pikipiki, hata chai hakunywa."

"Basi tafuta cheti cha mtoto."

"Ninacho mkononi. Nimekitoa sandukuni tangu jioni. Lakini jina lake limeandikwa vibaya. Hapa kuna herufi moja ambayo shuleni haipo."

Katika kibanda cha video, hatua chache kutoka pale, kijana mwenyewe anatazama mchezo wa Uingereza pamoja na wenzake. Mzee mmoja mvuvi amesimama mbele ya televisheni akiwaziba wengine, anaeleza kwa mikono jinsi kiungo fulani atakavyobadilishwa kwa washambuliaji wawili kabla ya Jumatatu. Wanamwambia, "Mzee, kaa, hatuoni." Haketi. Jumatatu hiyohiyo mama atapanda boda boda ya alfajiri, avuke nyanda za hifadhi hadi barabara kuu, kisha aende Kasese mjini, kwenye ofisi ya vitambulisho na usajili, akiwa na cheti, kadi ya kliniki na barua ya mwalimu mkuu, ili ile herufi moja iondolewe.